Tanuri ni Amana: Wito kwa Wanaonunulia Maabara za Unguja

Ndugu zangu wa Unguja, haya ni yenu nyote mliokabidhiwa fedha za umma na funguo za vyumba vya sayansi. Nasema na wakuu wa vyuo na skuli, na wajumbe wa kamati za zabuni, na wakemia, na nyinyi vijana wa maabara ambao ndio mtakaosimama mbele ya mlango wa moto. Nina neno moja, na nitalirudia mpaka litue nyoyoni: tanuri la maabara lichagueni kwa kazi litakayoifanya, kwa mji litakamowekwa, na kwa mikono itakayolitunza. Anayelichagua kwa ukubwa wa namba ya joto iliyobandikwa mlangoni amefanya khiyana katika amana.

Msiniambie kwamba hili ni jambo la mafundi peke yao. Tanuri linatoa ushahidi. Linashuhudia kama karafuu ni safi au imetiwa mchanga, kama chokaa imeiva au ni mbichi, kama tope la mikoko limehifadhi ukaa mwingi au kidogo. Mkulima atalipwa kwa ushahidi huo, ukuta utajengwa kwa ushahidi huo, na serikali itapanga kwa ushahidi huo. Sote tumelelewa tukijua kwamba kupunja mizani ni dhulma. Basi na joto la uongo ni mizani iliyopunjwa, hata kama aliyelisoma hakukusudia.

Kwa hiyo nakusihini, kabla ya kufungua orodha ya bei, kaeni kitako mjiulize: tutaunguza nini?

Tazameni kazi zilizopo kisiwani. Ya kwanza ni viungo vyetu. Mpimaji huchukua karafuu iliyosagwa, akaipima kwa mizani ya maabara, akaiunguza taratibu katika kikombe cha kauri mpaka moshi uishe, kisha akaitia tanurini ibaki majivu matupu. Kiwango cha kimataifa cha majivu ya viungo, ISO 928, kinataka nyuzi 550 za Selsiasi. Majivu hayo yakitiwa asidi, kinachokataa kuyeyuka aghalabu ni mchanga na vumbi. Hivyo ndivyo mlaghai anavyoumbuliwa na mkulima mwaminifu anavyotetewa.

Ya pili ni mwani. Tangu kilimo chake cha biashara kilipoanza pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, mwaka 1989, akina mama wameuinamia katika maji ya kupwa, jua likiwachoma mgongoni. Mwani nao huunguzwa kwenye nyuzi 550. Umejaa chumvi, na sehemu kubwa ya majivu yake ni chumvi hiyo. Sasa sikilizeni kwa makini. Kloridi ya potasiamu huyeyuka kwenye nyuzi 770, na chumvi ya mezani kwenye nyuzi 801. Asiyejua hili akapandisha moto hadi 900 kwa kudhani kwamba moto mkali ndio kipimo bora, atazipoteza chumvi katika mvuke. Majivu yatapungua, jibu litakuwa la uongo, na mvuke ule ule wa chumvi utarudi kula elementi zinazotoa joto na kuta za tanuri. Kwa kosa moja ameharibu hesabu na ameharibu chombo.

Ya tatu ni tope na mchanga wa bahari. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanzishwa hapa Zanzibar mwaka 1978, imewalea watafiti wa mikoko na mashapo kwa miaka mingi. Kazi hii ina hatua mbili. Kwenye nyuzi 550 huungua mabaki ya viumbe: majani, mizizi, vijidudu. Kwenye nyuzi 950 huvunjika kalsiamu kabonati ya matumbawe na makombe, ikatoa hewa ya ukaa. Uzito uliopotea katika kila hatua ndio jibu. Nanyi mnajua fukwe zetu zilivyo nyeupe: sehemu kubwa ya mchanga wake ni matumbawe na makombe yaliyosagika. Tanuri linalosema 550 huku ndani limefika 700 litaanza kuyavunja makombe, na ukaa wa makombe utaandikwa kuwa ni ukaa wa mikoko ya Chwaka. Katika zama hizi ambapo ukaa wa misitu unahesabiwa na kuuzwa, hiyo ni hesabu batili itakayosainiwa kwa jina la nchi.

Ya nne ndiyo inayonigusa zaidi, nayo ni chokaa ya Mji Mkongwe. Kuta zile zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, zikaungwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, zikabebeshwa boriti za mikoko. Ujuzi huu ni wa kale katika kisiwa hiki. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Mwaka 2000 UNESCO iliuandika Mji Mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia. Na kila anayekarabati nyumba ndani yake anajua kwamba plasta ya saruji huufungia ukuta unyevu, ukashindwa kupumua, chumvi ikajikusanya na jiwe likamomonyoka, ilhali chokaa huuacha unyevu utoke.

Lakini chokaa gani? Wachoma chokaa wetu hupanga magogo kwa duara, hurundika mawe juu yake, na hutia moto unaowaka kwa siku kadhaa. Jiwe hugeuka chokaa likikaribia nyuzi 900, na katika kila kilo 100 za kalsiamu kabonati safi, kilo 44 hupaa kuwa hewa ya ukaa na kilo 56 hubaki. Ndani ya tanuu moja la kuni, kuna mawe yaliyoiva, kuna mawe ambayo moto haukuyafikia, na kuna mawe yaliyopitiliza yakawa magumu. Lile bichi halishiki. Lile lililopitiliza huchelewa kuiva majini, likaja kuvimba likiwa tayari ndani ya plasta, na ukuta ukatoka vipele. Jicho la fundi mzoefu hutambua mengi, nami namheshimu fundi huyo kwa dhati. Maabara humwongezea ushahidi: chukueni chokaa iliyotoka tanuuni sasa hivi, ikausheni, ichomeni hadi 550 na kisha hadi 950. Ikipoteza uzito mwingi baina ya viwango hivyo viwili, jueni kwamba bado lilikuwamo jiwe bichi.

Sehemu ya Beit el-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na watu 2 wakapoteza maisha. Mola awarehemu. Sidai kwamba kipimo cha tanuri kingeuzuia msiba ule. Ninalolisema ni kwamba mji ambao watu wake wanalala chini ya dari za mawe na chokaa haufai kukarabatiwa kwa kubahatisha.

Hesabuni sasa. Karafuu 550. Mwani 550. Mashapo 550, kisha 950. Chokaa 950. Ndugu zangu, katika kazi zote hizi hakuna hata moja inayovuka nyuzi 1000! Tanuri la nyuzi 1100 au 1200, lenye koili za waya wa chuma, kromiamu na alumini, linazitosheleza zote. Namba ya mlangoni ni kilele cha kufikiwa kwa muda mfupi, hivyo acheni nafasi ya nyuzi 100 hivi baina yake na kazi yenu ya kila siku. Anayefanya kazi kwenye 950 na achukue la 1100. Ameshapata, na ahimidi.

Kwa nini basi bado tunaandika katika maombi yetu “tanuri la nyuzi 1700”? Kwa sababu namba kubwa hupendeza kwenye ripoti. Kwa sababu mgeni akija kutembelea, atapelekwa mbele yake kupiga picha. Wahenga walituonya: kipya kinyemi, ingawa kidonda. Na hiki ni kidonda cha kweli, wala si suala la bei peke yake.

Tanuri la nyuzi 1700 hutumia elementi za molibdeni na silikoni. Elementi hizi hujilinda kwa utando mwembamba wa kioo unaojijenga zikiwa kwenye joto kali. Zikiwekwa muda mrefu baina ya nyuzi 400 na 600, utando huo haujengeki sawasawa, na elementi huanza kuliwa na hewa na kuvunjika kuwa unga. Nyuzi 550 ziko katikati ya eneo hilo la hatari! Na si hayo tu. Tanuri la namna hiyo mara nyingi hupimwa joto lake kwa thamokapo ya aina B, ambayo imetengenezwa kwa ajili ya joto kali sana na ambayo chini ya nyuzi 600 usomaji wake ni dhaifu. Kwa hiyo aliyelipa fedha nyingi zaidi kwa ajili ya kupima majivu ya karafuu amenunua chombo kitakachojiharibu kwa kazi hiyo, na kitakachosoma vibaya joto la kazi hiyo. Je, hiyo si israfu? Na israfu katika mali ya umma tutaulizwa sote, aliyeomba, aliyepitisha na aliyenyamaza.

Siwakatazi wenye haja. Mtafiti wa kauri ngumu anahitaji moto mkubwa. Anayechunguza klinka ya saruji anahitaji nyuzi 1450 hivi, na huyo atatumia elementi za kabidi ya silikoni au zile za molibdeni, naye ajue kwamba za kabidi ya silikoni huongeza ukinzani wa umeme kadiri zinavyozeeka, na hubadilishwa kwa seti. Mnunulieni huyo tanuri lake, lakini majivu mliachie tanuri dogo. Matanuri mawili, kila moja kwa kazi yake, ni bora kuliko jitu moja linalolazimishwa kufanya yote.

Sasa njooni kwenye umeme, maana hapa ndipo ahadi nyingi hufia. Unguja inapata umeme kupitia kebo chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni upande wa bara hadi Fumba. Ya kwanza ilianza kazi mwaka 1980. Ilipoharibika Mei 2008 kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mzima, na iliposhindwa tena Desemba 2009 tulisubiri mpaka Machi 2010. Kebo mpya ya megawati 100 ilikuja mwaka 2013 na hali ikawa nafuu, tunashukuru. Lakini anayenunua tanuri Unguja bila ya kuuliza umeme ukikatika itakuwaje, huyo amesahau anakoishi.

Ulizeni hivi: umeme ukikatika saa mbili baada ya kuanza kuchoma, kisha ukarudi, kidhibiti joto kitafanya nini? Vipo vinavyoendelea vilipoishia, vipo vinavyoanza upya, na vipo vinavyozima na kungoja mtu. Kwa majivu ya saa nyingi, chombo kinachoanza upya bila ya kutoa taarifa kitawapa jibu msilojua limetoka wapi. Takeni kile kinachoandika kumbukumbu ya kukatika. Tena angalieni mzigo. Plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi ya ampia 13. Kwa volti 230 hiyo ni kama kilowati 3. Tanuri la kilowati 7 linataka ampia 30 hivi, yaani laini yake peke yake kutoka kwenye bodi, na breka yake, na waya wa ardhi uliopimwa. Makubwa zaidi huhitaji fezi tatu. Mwiteni fundi umeme aliyesajiliwa aje aone ukuta kabla ya zabuni kutangazwa. Msingoje sanduku lifike bandarini Malindi ndipo mgundue kwamba jengo haliwezi kulilisha.

Na hewa yetu? Mji Mkongwe umepakana na bahari. Chumvi imo katika upepo wa kaskazi, imo katika upepo wa kusi, na katika mvua za masika unyevu huingia kila penye upenyo. Sufi ya kauri na tofali za moto hunyonya unyevu huo. Tanuri lililokaa bila kazi wakati wa masika lisiwashwe kwa ghafla hadi 950. Lipasheni kwanza kidogo kidogo, likae kwenye nyuzi mia na kitu mpaka likauke, ndipo lipande. Liwekeni mbali na dirisha linaloelekea baharini, na mbali zaidi na kabati la asidi, kwani mvuke wa asidi hula viungio vya waya kimyakimya.

Kuhusu kuta za ndani, chagueni kwa kujua. Sufi ya kauri ni nyepesi, hupata joto haraka na hula umeme kidogo, lakini hupasuka ikigongwa, na vumbi lake halitakiwi mapafuni. Anayeikarabati sufi hiyo avae barakoa inayofaa. Tofali za moto ni nzito na hupata joto polepole, lakini huvumilia mikono ya wanafunzi. Skuli ambayo kila mwaka inapokea wanafunzi wapya wa sayansi ichague uvumilivu. Na ukubwa wa chumba je? Vipangeni vikombe vyenu juu ya meza kwa idadi mnayoichoma siku moja, acheni nafasi baina yake, pimeni upana na kina, kisha jueni kwamba karibu na mlango joto hupungua. Hesabuni sehemu ya kati tu.

Enyi vijana wa maabara, neno hili ni lenu mahususi. Msiiamini namba nyekundu inayoonyeshwa na kidhibiti mpaka muihoji. Kipo kipimo ambacho kila maabara inakiweza. Pimeni kalsiamu kabonati safi iliyokaushwa, ichomeni kwenye nyuzi 950 mpaka uzito usibadilike, ipoozeni ndani ya desiketa, chombo kikavu kisichoingiza unyevu, ipimeni tena. Ipoteze asilimia 44. Ikipoteza 38, basi tanuri lenu halifiki linakodai kufika, au hamkulipa muda. Fanyeni hivyo kila mwanzo wa muhula, andikeni katika daftari, tieni saini. Na kwa nyuzi 550, tafuteni thamokapo ya pili iliyohakikiwa, iwekeni katikati ya vikombe, linganisheni. Mwenye kutoa hati za majivu na chokaa bila ya kuhakiki tanuri lake anashuhudia jambo asiloliona.

Jilindeni pia, maana moto hauna rafiki. Takeni mlango wenye swichi inayokata umeme ukifunguliwa. Takeni kinga ya pili ya joto kupita kiasi, iliyojitenga na kidhibiti cha kawaida, ili kimoja kikishindwa kingine kizime. Takeni bomba la kutolea moshi na feni ya kuuvuta nje. Glovu ndefu, koleo ndefu, miwani. Wala mtoto wa watu asiachwe peke yake mbele ya nyuzi 950 kwa sababu mwalimu ametoka kunywa chai.

Na mwisho wa yote, fundi. Andikeni katika zabuni yenyewe: koili za akiba, thamokapo ya akiba, mchoro wa nyaya, kitabu cha maelekezo, na siku za kumfundisha mtu wetu kubadilisha koili kwa mikono yake. Koili ya waya na thamokapo ya aina K ni vitu ambavyo fundi mwenye akili wa Darajani anaweza kufundishwa kuvibadilisha. Muuzaji akikataa kuviandika, mwacheni aende zake. Chombo ambacho kikiharibika lazima kingojee mtaalamu kutoka ng'ambo ni chombo cha kuazima, hata kama tumekilipia.

Nakugeukieni sasa mmoja mmoja. Wakuu wa vyuo, pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar: waiteni wapimaji wenu kabla ya kuandika ombi, kwa sababu wao ndio wanaojua wanachokiunguza. Kamati za zabuni: msipime ofa kwa bei ya siku ya kununua tu, hesabuni umeme wake, koili zake na fundi wake kwa miaka yote ya kazi. Wafadhili wema: msituletee kinachong'ara kwenu, tuulizeni kwanza tunachochoma. Taasisi ya Viwango Zanzibar na maabara zote zinazotoa hati: uonyesheni umma kwamba matanuri yenu yamehakikiwa. Wakarabati wa Mji Mkongwe: pelekeni chokaa yenu ipimwe kabla ya kuipaka. Na mwananchi mwenye nyumba Shangani, Kiponda au Malindi: mwulize mkandarasi chokaa yake imepimwa wapi, na usione haya kuuliza.

Ndugu zangu, hatuhitaji tanuri kubwa kuliko la jirani. Tunahitaji tanuri la nyuzi 1100 lisemalo kweli, lililofungwa kwenye waya unaolimudu, mikononi mwa kijana anayejua kulitengeneza. Nunueni hilo, lihakikini, litunzeni. Na leo hii, kabla ya ombi lijalo kupelekwa kwa mhasibu, lichukueni, futeni jina la chombo katika mstari wa kwanza, na muandike mahali pake jina la sampuli.